Swichi Aliyoniuliza Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri, Bi Mwanne, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi pokea salamu tu, naomba msaada wako kwa sababu nimebeba jambo ambalo hata kwenye kitubio lilinikaa kooni nikalirudisha, na ninakuandikia wewe kwa kuwa hunijui sura wala mimi sikujui, na nimeona mtu asiyekujua ndiye anayeambilika.

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, mjane, watu wananiita Mama Josephina. Josephina ndiye binti yangu wa kwanza, na nimemzika mwezi uliopita. Kila anayepita njiani ananiambia "Shikamoo Mama Josephina," na mimi naitikia marahaba, na kila nikiitikia moyo unanichomoka, maana hata jina ninaloitwa ni lake na sina jingine.

Mwanangu alikuwa mwalimu wa sekondari. Moyo wake ulikuwa na tundu, wala hatukujua mpaka alipojifungua mtoto wa pili, Cecil, ndipo miguu ikaanza kuvimba na pumzi ikawa haimtoshi hata kumaliza kipindi darasani. Madaktari wakasema apelekwe India akapasuliwe, na msindikizaji ni mmoja tu. Sasa hapa kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mwenye neno ni mjomba, basi kaka yangu Nikolao akaamua aende Petro, mdogo wake Josephina, asiende mumewe. Mumewe anaitwa Alfredi, Baba Agatha, mtu wa Lupaso, ni fundi wa simu na kompyuta pale Masasi mjini. Alipoambiwa aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, mjomba."

Ili unielewe lazima nikueleze ukwe wetu, maana siku hizi kuna watu wanakaa na wakwe zao meza moja wanakula wali na kucheka. Mimi sikulelewa hivyo. Alfredi alijenga kiwanja cha pili kutoka kwangu, kama desturi inavyotaka mwanamume kufuata kwa mkewe, lakini miaka yote ya ndoa hajaingia nyumbani mwangu, hajala mbele yangu, tukikutana njiani anaingia kwenye mikorosho anageuza uso mpaka nipite, na akiwa na neno analituma kwa mtu. Wala si chuki, ni heshima, na heshima ile niliringa nayo sana Bi Mwanne, nilikuwa nawatambia wenzangu kisimani, mkwe wangu hajui hata meno yangu yamepangika vipi.

Josephina alikuwa na kompyuta ya kukunja, laptopu, mtumba wa ng'ambo kama vitu vyote siku hizi tangu soko liwe huria. Alfredi alikuwa ameitia Linux, mfumo wa kuiendesha mashine, anasema ni wa bure na hauugui virusi vya kwenye flashi. Siku chache kabla ya safari ikakwama, akaipangua akaitia upya, pamoja na ile programu ya simu za kuonana kwa jina la nyumba yao, ikawa nzima kila kitu isipokuwa haikuweza kushika mtandao wa hewani, ule usio na waya. Wenyewe wanasema ilikosa draiva, kijiprogramu cha kuiamsha sehemu yake inayoshika mtandao. Josephina alihamia kwangu alipozidiwa, kwa hiyo laptopu ilikuwa mezani chumbani mwake, na siku anaondoka alikaa kitandani akaniambia, "Mama, nyumba ya mapadre hiyo hapo, mtandao wao unafika mpaka humu ndani, na Padre kanipa neno la siri. Alfredi ataitafutia draiva. Kabla hawajanipasua nitakuita, utaniona na mimi nikuone." Nikamwambia haya mwanangu, nitakaa hapa hapa.

Padre naye alikuwa ameenda likizo kwao, kafunga ofisi na ufunguo kaondoka nao, kisanduku cha mtandao kimebaki kinawaka huko ndani peke yake. Simu zetu sote, hata ya fundi mwenyewe, ni za kuongea na kumulikia tu. Kwa hiyo njia ilikuwa ni hiyo laptopu.

Alfredi akatuma neno kwa Anjelina, binti yangu wa mwisho, akaomba aichukue ile mashine aende nayo Masasi, huko kuna duka la intaneti la waya, angeichomeka ijivutie draiva yenyewe, kesho yake aipandishe. Nikakataa. Nilisema kitu cha mgonjwa hakitoki chumbani mwake mpaka arudi akitoe mwenyewe, kwa sababu kwetu vitu vya mtu vinatolewa nje siku moja tu, siku ya kugawa, na siku hiyo mwenyewe anakuwa hayupo. Anjelina akasema, "Lakini mama, haina intaneti, na intaneti ndiyo inayotakiwa ili ipate intaneti." Nikamwambia mwanangu wewe unaumwa? Mwambie shemeji yako itatengenezwa hapo hapo ilipo. Wala Alfredi hakubisha. Mkwe abishane na nani?

Basi ikawa hivi. Alfredi anakaa nje chini ya dirisha, kwenye kigoda, kaupa ukuta mgongo. Anjelina yuko mbele ya mashine. Mimi nimekaa kitandani kwa Josephina nashika rozari. Anjelina anaambiwa andika hivi, nukta, kistari, acha nafasi, sasa nisomee ilichojibu, naye anasoma herufi moja moja kama mtoto wa chekechea maana ni Kiingereza kisicho cha shuleni. Kwanza Alfredi akataka jina la kifaa cha mtandao kilichomo tumboni mwa mashine. Akashuka nalo Masasi, akapakua draiva, akarudi nayo kwenye flashi kaifunga nailoni, maana ilikuwa masika na barabara ya kuteremka kutoka huku juu unaijua, gari zinalala kwenye tope. Anjelina akaiingiza, mashine ikasema haitoshi, inamtaka mwenzake. Akashuka tena. Akaja na mwenzake, na yule naye akataka mwenzake. Akashuka tena. Nilikuwa namsikia anakohoa pale dirishani, nguo zimelowa, na mimi nilitaka kumwambia Anjelina ampelekee chai, nikasema moyoni ataona mama mkwe ana pupa. Chai yenyewe sikuipeleka.

Siku moja mchana Anjelina akapiga kelele, "Shemeji, imesema imemaliza! Hakuna kosa!" Nikamsikia Alfredi anacheka kule nje. Sikuwahi kukisikia kicheko chake, Bi Mwanne, kumbe ni cha kitoto kabisa. Na mimi nikacheka humu ndani, ukuta katikati.

Lakini mtandao haukuonekana. Anjelina anabonyeza, hakuna. Anazima anawasha, hakuna. Alfredi akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Shemeji, hebu muulize mama, lakini taratibu. Hapo mbele kwenye ukingo kuna swichi ndogo, inateleza kulia na kushoto. Kuna mtu labda ameigusa bila kujua? Ikiwa imefungwa, hata draiva iwe nzuri namna gani haioni kitu."

Sasa hapa ndipo nilipo. Ile mashine mimi nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi kwa pindo la khanga, ili mwanangu akirudi aikute inang'aa, na asubuhi moja kitu kilinitelezea chini ya kidole, kikalia ka, nikashtuka nikadhani nimevunja, nikaifunika na kitambaa nikatoka. Alipouliza nilikumbuka. Pale pale nilikumbuka. Lakini nilichosikia masikioni ni mkwe wangu ananiuliza kama nimeharibu, mbele ya binti yangu, na damu ikanipanda. Anjelina alikuwa ameshanyoosha mkono aangalie, nikamkazia macho, akaurudisha. Nikasema kwa sauti ili mwenyewe asikie bila kuambiwa, "Mwambie mimi si mtoto wa kuchezea vitu vya watu. Hakuna aliyegusa!"

Halafu Alfredi akasema, "Samahani sana. Basi itakuwa draiva hii siyo. Nashuka Masasi kutafuta nyingine." Bi Mwanne, yule alijua. Fundi mzima, alijua. Lakini mkwe hamwambii mama mkwe kwamba amesema uongo, na neno kama hilo lingefika kwa wajomba na angetozwa faini. Akasimama, nikasikia kigoda kinawekwa pembeni vizuri, akaenda.

Kesho yake Petro akapiga simu ya haraka haraka, salio linaisha, akasema wameiwahisha operesheni, wanamwingiza leo. Akasema, "Mama, dada anauliza mbona hamjitokezi." Nikamwambia mwambie mashine bado, Alfredi kafuata draiva. Nikamsikia Petro anamwambia, na nyuma nikasikia sauti ya Josephina, ya mbali, inasema, "Haya." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwa mwanangu. Haya.

Siku hiyo hiyo alasiri nikamwona kaka yangu Nikolao anaingia uani na akina mama wa ukoo, hawaongei, na kwetu ukiona hivyo huulizi. Alfredi habari ilimkuta Masasi dukani, flashi iko mkononi.

Mwili ukaletwa, tukazika. Padre akarudi, akaja kunipa pole, akaomba picha nzuri ya marehemu kwa ajili ya misa, nikamwingiza chumbani tuitafute kwenye laptopu. Alipoifunua tu akainama, akasema, "Mbona swichi ya mtandao imezimwa?" Akaisukuma kwa kidole gumba. Taa ndogo ya buluu ikawaka, naye akaandika neno lake la siri. Na mashine ikaanza kuita, ikaleta jina la Josephina na kialama cha simu isiyopokelewa, na chini yake jina la Josephina, na chini yake tena. Aliita siku moja kabla ya kupasuliwa, na asubuhi ile ile ya kupasuliwa aliita, akaita tena. Padre hakujua amefanya nini, alidhani nalia msiba tu, akachagua picha akaondoka.

Wala hayo si mwisho. Siku ya mazishi kaka yangu alisimama mbele ya watu akasema mkwe huyu amemfanya mtoto wetu afe bila kumwona mama yake, na amefanya makusudi kwa kinyongo cha kunyimwa kumsindikiza mkewe. Alfredi akaulizwa ana la kusema. Akajibu, "Nilishindwa, mjomba. Ni mimi." Imeamuliwa kwamba siku ya arobaini ataagwa rasmi arudi kwao Lupaso, na watoto, Agatha na Cecil, wanabaki huku kwa kuwa ni wa ukoo wetu, na yeye asionekane tena kiwanjani. Agatha ana miaka sita, juzi kaniuliza baba akienda kwao nani atamfunga viatu vya shule.

Nishauri. Nikisema, mimi ndiye mama aliyemfungia mwanawe mlango, na kaka yangu anaaibika mbele ya watu aliowatangazia, na Josephina harudi. Nikinyamaza hakuna atakayejua, maana Alfredi mwenyewe kafunga mdomo. Na hata nikitaka kusema naye nitaanzaje, mtu ambaye sijawahi kusema naye? Silali. Mashine nimeifunika na kitambaa kile kile, na wala siwezi kuifungua wala kuizima. Naomba usinionee huruma tu, nijibu.

Mama Josephina,
Newala

BI MWANNE ANAJIBU

Mama Josephina, marahaba, nimekuzidi, nina wajukuu wanaonyoa ndevu. Barua yako nimeirusha foleni ya wenzako kwa sababu arobaini haisubiri gazeti. Na pole. Pole ya mtoto haina maneno, na mimi niliyezika wawili nakuambia hivyo si kwa kusoma. Nililia nilipofika pale kwenye "haya". Sasa nimefuta macho, na uliomba usionewe huruma tu, kwa hiyo kaa vizuri.

Kwanza litoke hili njiani. Hukumuua mwanao. Moyo wake ulikuwa na tundu kabla hajaijua laptopu, na swichi ya Newala haifiki kwenye meza ya madaktari India. Ungemwona, ungemwombea, na huenda bado angekufa ile ile siku. Ulichokikosa ni kumwona, na hicho ni kikubwa, kitakuuma mpaka unaingia kaburini, sikufichi. Lakini ni hicho, usikiongezee. Wanawake tuna tabia ya kujitwisha kifo kizima kwa sababu kukibeba ni rahisi kuliko kubeba lile dogo tulilolifanya kweli.

Na wala sikugombezi kwa kukataa mashine isitoke chumbani. Mama anayeogopa mauti hufanya lile lililo karibu na mkono wake, na lako lilikuwa kulinda chumba. Ningekuwa wewe labda ningekaa mlangoni na mchi.

Ninachokugombeza ni neno lako moja, na unalijua. "Hakuna aliyegusa." Mkwe wako alikuuliza kwa adabu kuliko wengi wanavyowauliza mama zao wa kuwazaa. Kasema taratibu. Kasema labda. Kasema bila kujua. Mtu kakufungulia mlango mpana kabisa wa kutokea na heshima yako mzima mzima, ungesema tu "hebu Anjelina angalia", basi. Wewe ukaufunga, tena kwa kishindo. Halafu unaniandikia ni mambo ya ukwe! Ala! Mama, usiusingizie ukwe. Wazee waliweka ile heshima ili mwanamume asimdharau mwanamke aliyemzalia mke. Hawakuiweka ili mama mkwe amnyamazishe fundi anayetengeneza. Lile lilikuwa kiburi, na kiburi kinapenda sana kuvaa kanzu ya mila kwa sababu hapo hakuna anayethubutu kukivua.

Lakini hata hilo limepita. Maji yamemwagika. Kinachonitia hasira ni unachotaka kukifanya sasa ukiwa umetulia, umekaa, una kalamu mkononi. Lile la dirishani lilikuponyoka. Hili la arobaini huwezi kusema limekuponyoka. Unataka kukaa kimya watoto wawili waliokwisha kumzika mama waagwe na baba pia, ili watu kisimani waendelee kukuona una mkwe asiyejua meno yako. Unasema Alfredi kafunga mdomo mwenyewe. Ndiyo, kaufunga kwa ajili yako! Mtu akikubebea mzigo huo, si ruhusa ya kupanda na wewe juu ya mzigo.

Unasema kaka yako ataaibika. Ataaibika, naam. Alisimama mbele ya wafiwa akamtuhumu mjane mwenzako jambo asilolijua, acha aaibike kidogo, aibu haijawahi kumuua mjomba. Ila wewe ni dada yake, kwa hiyo usimvizie mbele ya watu. Nenda kwake kabla ya arobaini, asubuhi, kabla hajaenda shamba, uende na mama mmoja mtu mzima wa ukoo ambaye Nikolao hawezi kumkatiza. Umwambie maneno haya haya uliyoniandikia mimi, ya kidole na ya swichi na ya sauti uliyoipandisha. Usizunguke, usianze na enzi za babu. Kisha umwachie yeye nafasi ya kusimama siku ile na kuyarudisha maneno yake kwa kinywa chake. Mwanaume akipewa siku mbili tatu anajua kurudi nyuma akaonekana anakwenda mbele. Akikataa, basi wewe utasimama siku ya arobaini useme mwenyewe, na yule mama mtu mzima atakuwa amekaa pembeni yako. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha vya kutosha.

Kuhusu watoto, sikuambii uvunje mila ya kwenu. Wabaki upande wa mama, sawa, ni wa ukoo wenu, na nyumba ile baba yao aliijenga kiwanja cha pili kutoka kwako. Basi na yeye abaki pale. Mila gani inayosema mtoto awe na mjomba na asiwe na wa kumfunga viatu? Hilo ndilo utakalolidai, na ulidai wewe, kwa sababu wewe ndiye mama wa marehemu na siku hiyo hakuna sauti nzito kuliko yako. Uliipandisha sauti kwa jambo bovu, sasa ipandishe kwa jambo zuri.

Kwa wasomaji wengine mtakaojikuta na kompyuta ya Linux isiyoshika mtandao na hapo mlipo hakuna mtandao, nimemuuliza fundi wetu hapa gazetini, naye anasema Alfredi alifanya kila kitu sawasawa. Unatafuta jina la kifaa kilichomo ndani, unakwenda mjini, unapakua draiva ya jina hilo pamoja na wenzake wote inaowataka, zilingane na toleo la Linux lililoko kwenye mashine, unazileta kwenye flashi. Na kabla ya safari yoyote, anasema, mtu apitishe kidole kwenye kingo za mashine. Fundi aliyasema hayo harakaharaka, ana kazi nyingi, hakujua kwa nini mimi nimeinamisha kichwa mezani.

Narudi kwako, Mama Josephina, kwa sababu kuna jambo moja hukuliona, au umeliona ukaliogopa. Zile simu zilizokuja na taa ya buluu. Umeniandikia kwamba Josephina alikuita wewe. Una hakika? Alijua nani alikuwa anahangaika na mashine ile. Alijua mumewe yuko chini ya dirisha. Mwanamke anayekwenda kupasuliwa moyo anaita nyumba yake yote, mama na mume na watoto. Alfredi hajui hilo. Huko Masasi, huko Lupaso, popote alipo anadhani mkewe alingoja kidogo akakata tamaa akaingia chumba cha madaktari hana habari naye. Hajui kwamba aliita, na akaita tena. Umeifunika na kitambaa habari hiyo, na si yako peke yako.

Unaniuliza utaanzaje na mtu ambaye hujawahi kusema naye. Wazee wenu si wajinga, waliofunga njia waliacha na pa kufungulia. Waulize akina mama wa ukoo, watakuambia ni kuku na nguo, au chochote kinachotolewa kwenu ili mkwe na mkwewe wafunguliane, na kitoe wewe, usingoje atoe yeye. Lakini kama kuku hayupo leo, usikae kumngojea kuku.

Ukimaliza kusoma hapa, mtume Anjelina akamwite Baba Agatha. Atakuja, maana hajawahi kukukatalia wito. Atafika uani, atatafuta kigoda, ataupa ukuta mgongo kama alivyozoea. Usimtumie neno kwa mtoto. Toka wewe mwenyewe mpaka kizingitini, mtaje kwa jina la binti yake, umwambie mkeo alikuita, njoo uone. Akisita, na atasita, mshike mkono umwingize ndani.

Bi Mwanne